Cheti cha usimamizi wa miradi: namna ya kupima kama kinakufaa ukiwa Mtwara au Lindi

Kabla hujalipia mtihani au kozi yoyote ya usimamizi wa miradi, kusanya matangazo ya kazi ambazo kweli ungeziomba. Yatafute kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, kwenye mbao za matangazo za halmashauri, katika tovuti za mashirika yanayofanya kazi kati ya Kilwa na Nanyumbu, na kwa wakandarasi wenye kambi zao mikoani kwetu. Usiishie kwenye matangazo ya wiki hii. Rudi nyuma miezi sita au zaidi. Soma sifa za mwombaji ukiwa na kalamu mkononi, na utenganishe kinachotajwa kuwa lazima, kinachotajwa kuwa sifa ya ziada, na kisichotajwa kabisa. Kazi hii haina gharama, lakini hujibu zaidi ya nusu ya swali ambalo watu wengi humpelekea muuza kozi, mtu ambaye kwa hali yake hawezi kukujibu kwamba kozi yake huihitaji.

Ukishayapanga matangazo hayo utaona jambo ambalo vijana wengi wa kusini hulichanganya: kuna vyeti vinavyodaiwa na sheria na kuna vyeti vinavyopendwa na soko. Mhandisi anayetaka kufanya kazi kama mtaalamu kamili anahitaji usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB. Afisa ugavi yuko chini ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na mhasibu anayetazamia kupanda hana budi kuukabili mtihani wa CPA unaotolewa na NBAA. PMP, PRINCE2 na vyeti vingine vya usimamizi wa miradi hutolewa na taasisi za nje ya nchi, wala havichukui nafasi ya usajili wa bodi yoyote ya Tanzania. Aidha, katika utumishi wa umma mshahara hufuata muundo wa kada, cheo na ngazi, hivyo afisa mipango wa halmashauri anayefaulu PMP asitegemee kwamba hati yake ya malipo ya mwezi ujao itasoma tofauti. Kwa hiyo, kama wewe ni mhandisi uliyehitimu miaka minne iliyopita na bado hujakamilisha usajili wa ERB, fedha na jioni zako zina mahali pa kwenda kabla ya PMP, na jambo hilo nalisema bila kusita.

Katika mashirika yasiyo ya kiserikali hali ni nyingine. Mtwara na Lindi zimekuwa na miradi ya wafadhili kwa miaka mingi, iwe ya afya ya mama na mtoto, elimu ya awali, kilimo cha ufuta na korosho, uvuvi wa pwani, au misitu ya vijiji kule Kilwa. Wanaoiendesha huajiriwa kwa mikataba inayofuata uhai wa mradi, na fedha ya mfadhili ikiisha hurudi sokoni wote kwa pamoja, wakiwa na wasifu unaofanana hadi kwenye majina ya semina walizohudhuria. Hapo cheti hufanya kazi yake halisi, yaani kukuvusha kwenye mchujo wa kwanza, ambapo mtu wa rasilimali watu aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anapitia maombi mengi kwa haraka na hajui tofauti ya Ndanda na Nanganga. Baada ya mchujo huo nguvu yake hupungua sana. Kwenye usaili utaulizwa ulifanya nini matumizi yalipokuwa asilimia 30 ya bajeti ilhali nusu ya muda wa mradi ilikwisha kupita, na jibu la swali hilo halipatikani kwenye kitabu cha mtihani.

Upande wa gesi na ujenzi unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndiko matumaini yalikozidi. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, visima vya Mnazi Bay na Songo Songo, kiwanda cha saruji cha Dangote, bandari ya Mtwara na barabara ya Mnivata–Tandahimba–Newala–Masasi ni kazi za kweli zenye waajiri wa kweli, lakini ukizisoma sifa wanazotaka utakuta mara nyingi ustadi mahsusi ukitangulia cheti cha jumla. Anayepanga ratiba anaulizwa kuhusu Primavera P6, programu ya kompyuta ya kupangia ratiba. Anayesimamia mikataba ya barabara zinazofadhiliwa na benki za maendeleo anaulizwa kuhusu masharti ya FIDIC, yaani mikataba ya ujenzi ya kimataifa. Anayeshughulikia usalama kazini anaulizwa kuhusu NEBOSH, cheti cha Uingereza cha usalama na afya kazini. PMP huja kuwa na uzito kwa mtu aliyekwisha kufika ngazi ya meneja. Kuhusu mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika pale Likong'o, mazungumzo yake yamechukua zaidi ya muongo mmoja, na kusomea cheti chenye ukomo wa miaka mitatu kwa kuusubiri mradi ambao tarehe yake ya kuanza haijawekwa ni kuliwahi soko lisilofunguliwa.

Kwa mwenye kampuni ndogo iliyosajiliwa CRB, bodi ya makandarasi, na anayeomba zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, au kiongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, cheti cha usimamizi wa miradi kina faida ndogo kwa sasa. Mafunzo ya siku chache kuhusu ununuzi wa umma na usomaji wa mchanganuo wa gharama za ujenzi, ule ambao kila mtu huuita BOQ, yatamlipa mapema zaidi.

Vyeti vyenyewe vikoje

PMP ndicho kinachojulikana zaidi. Hutolewa na Project Management Institute (PMI), taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Kwa masharti yaliyozoeleka miaka ya karibuni, mwenye shahada anatakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka 8 iliyopita, na asiye na shahada miezi 60, kila mmoja akiwa na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Katika muundo ulioanza Januari 2021, mtihani ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, na takriban nusu yake ilitoka kwenye mbinu za hatua fupi fupi zijulikanazo kama ajaili, au mchanganyiko wa mbinu hizo na zile za kupanga kila kitu tangu mwanzo. Ada ya mtihani ni dola mia kadhaa, wanachama wakilipa pungufu. Isome bei kwenye tovuti ya taasisi yenyewe siku unayotaka kulipa, maana hubadilika. Taasisi hiyo hiyo hutoa CAPM kwa wanaoanza, ambayo haidai uzoefu, bali elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo.

PRINCE2 ina asili ya Uingereza na hupendwa zaidi na mashirika ya Umoja wa Mataifa na yale yenye mizizi Ulaya. Ngazi yake ya kwanza haidai uzoefu. Inafundisha hasa mgawanyo wa mamlaka: nani anaamua, nani anatekeleza, na ni wakati gani mradi usimamishwe kwa sababu sababu yake ya kuwepo imekwisha. Jambo hilo la mwisho ningetamani lifundishwe zaidi huku kwetu, ambako mradi ukishazinduliwa kwa mwenge huwa hakuna wa kuuhoji.

Kwa maoni yangu, cheti kinachowafaa zaidi wafanyakazi wa mashirika ya Mtwara na Lindi ndicho kisichotangazwa sana: Project DPro, kilichokuwa kikiitwa PMD Pro, cha taasisi ya PM4NGOs. Kimeandikwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo, hivyo kinazungumzia wafadhili, jamii, bangokitita la mradi (jedwali la malengo na viashiria vyake), ufuatiliaji na tathmini, na kukabidhi mradi kwa wananchi, mambo ambayo PMP huyagusa kwa mbali. Kitabu chake cha mwongozo hupatikana bure kwenye mtandao, na mtihani wa ngazi ya kwanza haudai uzoefu. Kama una mwaka mmoja au miwili kazini na shirika lako linaendesha miradi ya kijamii, anza na kitabu hicho hata kama hutafanya mtihani. Ukikisoma chote na kuona kwamba umekwisha kubadilika kazini, amua mwenyewe kama bado unahitaji karatasi.

Vyeti vya Scrum, mojawapo ya mbinu za ajaili, vinawafaa wanaotengeneza programu za kompyuta. Kwa kazi nyingine za hapa sioni haja yake.

Jalada la uzoefu, ambalo lina thamani kuliko mtihani

Kikwazo kikubwa kwa watu wa mikoa hii ni kumbukumbu. Watu wameongoza miradi mikubwa kuliko wanavyojihesabia, lakini hawana maandishi yanayoonyesha walifanya nini, lini, kwa fedha kiasi gani na chini ya nani. Kwa sababu hiyo hatua ninayoishauri kwa kila mtu, hata yule ambaye hatimaye ataamua kuachana na vyeti, ni kutengeneza jalada la miradi aliyoiongoza.

Anza kwa kutenganisha mradi na kazi ya kila siku. Mradi una mwanzo, una mwisho na unaacha kitu ambacho hakikuwapo. Kuendesha ghala la korosho kila msimu ni kazi ya kila siku, hata kama ni ngumu na mizigo ni mingi. Kujenga ghala hilo likamilike kabla ya minada ya Oktoba kuanza ni mradi. Kuchanja watoto kila mwezi ni kazi ya kila siku, ilhali kampeni ya wiki sita ya kufikisha chanjo mpya katika kata kumi ni mradi. PMI huhesabu muda ulioongoza au kuelekeza kazi ya mradi, wala haiangalii kama kadi yako iliandikwa meneja. Kwa hiyo mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi au mhandisi wa wilaya aliyeongoza ujenzi kwa utaratibu wa force akaunti, yaani taasisi kujenga yenyewe kwa mafundi bila mkandarasi, ana madai ya haki, ilimradi kweli aliongoza. Miezi inayogongana huhesabiwa mara moja: ukiwa na miradi miwili mwezi wa Mei, umepata mwezi mmoja.

Kwa kila mradi andika lengo, nafasi yako, ulivyofanya na matokeo, kwanza kwa Kiswahili ili ukweli usipotelee kwenye tafsiri, kisha kwa Kiingereza, maana fomu ya PMP hujazwa kwa Kiingereza na mtihani wake hautolewi kwa Kiswahili. Epuka sentensi ya aina ya "nilisimamia ujenzi wa madarasa mawili," ambayo haimwambii msomaji chochote. Chukua mfano wa kubuni wa shule ya msingi wilayani Tandahimba, iliyopewa fedha Machi 2024 ili madarasa yatumike muhula wa Julai. Maelezo yenye uzito yangesomeka hivi:

"Lengo lilikuwa kukamilisha madarasa mawili na ofisi moja kabla ya muhula wa Julai kwa fedha iliyoingizwa kwenye akaunti ya shule. Niliongoza utekelezaji nikiwa mwalimu mkuu, nikifanya kazi na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zilizoteuliwa na wananchi. Kupitia mkutano wa kijiji tulikubaliana mchango wa mchanga na mawe, na thamani yake nikaiingiza kwenye bajeti. Niligawa kazi katika hatua tano, kila moja ikiwa na tarehe na mtu wa kuijibia, na fundi alilipwa baada ya hatua kukaguliwa na mhandisi wa wilaya. Mwanzoni mwa Mei mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, mabati na nondo vilikwama njiani. Kwa kuwa saruji yetu hutoka Mtwara, nilibadili mpangilio ili mafundi waendelee na kuta zisizohitaji nondo pamoja na useremala wa milango, na nikaomba kamati iridhie kwa maandishi. Kazi ilikamilika wiki mbili baada ya tarehe ya awali, ndani ya bajeti, na makabidhiano yalisainiwa."

Aya hiyo ina kila anachokitafuta mkaguzi wa maombi: mawanda, ratiba, bajeti, wadau, ubora, kihatarishi kilichotokea na uamuzi uliofanywa. Inakiri pia kuchelewa kwa wiki mbili, na hilo huifanya iaminike. Msimamizi wa usaili hataisahau, hata kama mwombaji hana herufi yoyote baada ya jina lake.

Ambatanisha nyaraka: barua ya uteuzi, muhtasari wa vikao, taarifa za robo mwaka, hati ya makabidhiano, na jina na mawasiliano ya aliyekuwa juu yako. Sehemu hii ya mwisho si urasimu. PMI huchagua baadhi ya maombi kwa ukaguzi, na anayechaguliwa hutakiwa kuleta uthibitisho wa waliomsimamia pamoja na nakala za vyeti vya elimu. Watumishi huhamishwa, mashirika hufunga ofisi mradi ukiisha, na mkurugenzi aliyekuwa Ruangwa leo anaweza kuwa Kigoma mwakani. Saini ya leo ni rahisi kuipata kuliko ya baada ya miaka mitano.

Kufanya hesabu bila kujidanganya

Ukishakuwa na matangazo na jalada, fanya hesabu. Jumlisha ada ya mtihani, uanachama kama utajiunga, mafunzo ya saa 35, vifurushi vya intaneti vya miezi ya kusoma, nauli na malazi ya Dar es Salaam kama utafanyia huko, na ada ya kurudia ukishindwa. Halafu tafuta tofauti ya kipato, ukilinganisha mshahara wako wa sasa na kazi ambayo kweli ungeweza kuipata. Ile ya meneja wa kimataifa ambayo mwalimu wa kozi huitaja darasani iache huko huko darasani.

Tuseme, kwa mfano tu, gharama yote inafika shilingi 3,500,000, na kazi unayoilenga inakuongezea shilingi 200,000 kwa mwezi mkononi. Fedha yako itarudi baada ya miezi kumi na saba na nusu, jambo ambalo si baya. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kazi utaipata kwa hakika. Kama nafasi ya kuipata ni nusu kwa nusu, muda unakuwa miezi 35, na cheti huisha uhai wake mwezi wa 36 kikitaka kuhuishwa. Kwa maneno mengine, mtu huyo atakuwa amesoma, amesafiri, amekosa usingizi, na mwishoni amerudisha fedha yake bila ziada. Ukiona hesabu yako imekaa hivyo, Project DPro au CAPM kwa gharama ndogo ni uamuzi wa busara zaidi, au kungoja miaka miwili jalada linenepe.

Hesabu hubadilika kabisa kama mwajiri analipa. Mashirika mengi huwa na kifungu cha kujengea wafanyakazi uwezo, na mara nyingi kifungu hicho hubaki na fedha mwishoni mwa mwaka wa mradi kwa sababu hakuna aliyeomba. Andika ombi la ukurasa mmoja ukionyesha ni kazi gani ya mradi itaboreka, na usome kwa makini sharti la kubaki kazini muda fulani baada ya kufadhiliwa, ambalo linaweza kukugharimu zaidi ya ada uliyoepuka.

Ongezeko la kipato silo kipimo pekee, hilo nalikubali. Kuna watu ambao cheti kimewapa ujasiri wa kuzungumza kwenye kikao na mfadhili, na ujasiri huo una bei. Ila usikipe cheti kazi isiyo yake. Mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, uliozaa bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa, haukukosa wasomi wala ratiba. Ulikosa uchunguzi wa kutosha wa udongo na mvua, na subira ya kufanya majaribio kabla ya kuleta matrekta. Ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Kusoma na kufanya mtihani ukiwa kusini

Chagua muda wa kusoma kwa kuangalia kalenda ya kazi yako. Mtumishi wa halmashauri asijaribu kati ya Aprili na Juni, wakati kila fedha inatakiwa kutumika na kutolewa taarifa kabla ya tarehe 30 Juni. Anayefanya kazi na vyama vya ushirika asijaribu msimu wa minada. Fedha ya korosho ikiingia mkononi hushawishi kulipia kila kitu kwa pamoja, lakini maombi ya PMP yakishakubaliwa una mwaka mmoja wa kufanya mtihani, usiozidi mara tatu. Malipo yafuate utayari.

Mtihani haupimi kumbukumbu ya tafsiri za maneno. Maswali mengi hueleza hali fulani kazini na kuuliza msimamizi afanye nini kwanza, na hapa watu wetu hupoteza alama kwa sababu ya mazoea mema ya kazi. Mkandarasi akiomba kubadilisha aina ya bati, wengi wetu tungempigia simu mkurugenzi. Mtihani unakutaka kwanza upime athari ya badiliko hilo kwenye gharama, muda na ubora, uzungumze na wahusika, ufuate utaratibu wa mabadiliko uliokubaliwa, na ndipo upeleke juu kile kinachozidi mamlaka yako. Fanya mazoezi ya maswali mengi ya aina hiyo, na kila unapokosea andika kwa Kiswahili kwa nini jibu lao ni sahihi. Kama Kiingereza chako kimechoka, tenga wiki za mwanzo kwa kukisoma tu, kwa kuwa muda wa mtihani ni mchache kwa anayesoma kila swali mara tatu.

Unaweza kufanya mtihani nyumbani kwa kompyuta huku ukiangaliwa kupitia kamera, au kwenye kituo cha mtihani. Kwa mtu wa Masasi au Liwale ningependelea kituo, hata kama ni kusafiri. Umeme ukikatika au intaneti ikiyumba katikati ya mtihani, utaingia kwenye mawasiliano ya siku nyingi ambayo hayana uhakika wa mwisho. Ukienda Dar es Salaam panga kufika siku mbili kabla, hasa msimu wa mvua. Jina kwenye akaunti yako ya mtihani lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho utakachoonyesha. Kwa kuwa majina yetu matatu hupangwa kwa namna tofauti kwenye kila karatasi, hati ya kusafiria ndiyo salama zaidi.

Utakutana na watu kwenye makundi ya WhatsApp wanaouza maswali yaliyovuja, au cheti kisichohitaji mtihani. PMI ina orodha ya wazi mtandaoni ambamo mwajiri hutafuta jina na kuona kama cheti kipo na kama kiko hai, hivyo karatasi iliyonunuliwa hudumu hadi siku mtu atakapoamua kutazama.

Ukifaulu, anza kuhesabu alama za kuhuisha tangu mwezi wa kwanza. PMP inadai alama 60 kila baada ya miaka mitatu, ambazo huitwa PDU, kwa kawaida saa moja ya kujifunza ikiwa alama moja. Zisizopungua 35 lazima zitokane na kujifunza. Zinazobaki, hadi 25, zinaweza kutokana na kuichangia taaluma, na zisizozidi 8 kati ya hizo hupatikana kwa kuifanya kazi yenyewe ya usimamizi wa miradi. Mafunzo mengi ya bure ya mtandaoni hukubalika, na kuwafundisha bila malipo wajumbe wa kamati ya ujenzi namna ya kusoma ratiba kunaweza pia kuhesabiwa. Andika tarehe, mada na muda siku ile ile, kwenye jalada lile lile lenye miradi yako, kwa sababu rekodi hizi nazo zinaweza kuchaguliwa kwa ukaguzi.